Mama Gisa na Mwanamke Aliyeitwa Ba

Hebu mtazame Yudita anapofika. Ni asubuhi, mji wa Mbarara, Uganda, umekwisha kuchangamka, na taksi iliyotoka Isingiro imemshusha na kuondoka na vumbi lake. Vijana wa boda wanamwita, "Mama, panda! Mama, twende!" naye anapita kama hajasikia, maana boda inatikisa, na alichobeba hakitaki kutikiswa. Ni ndoo ndogo yenye mfuniko, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, na ndani yake mna samli, au kama wasemavyo watu wake wa Minembwe, Kongo, mafuta ya ng'ombe. Anasimama kando ya mfereji, anapangusa vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenye viatu, anavuta kitenge cha mabega kikae sawa. Ndipo anapanda barabara ya maduka, taratibu, shingo imenyooka, mwanamke mrefu asiyetaka mtu ajue kwamba ana haraka.

Na haraka anayo, jamani. Samli ni kisingizio tu. Juu, ghorofani, anakaa mnunuzi wake, bibi wa Kihindi mwenye duka. Lakini chini, ndani ya duka lenyewe la vitambaa na mapazia, anafanya kazi Gisa, mwanawe wa pekee, na mwezi umekwisha bila Gisa kukanyaga nyumbani.

Huyo Gisa alivuka mipaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba alibaki kwenye vita, ng'ombe walibaki kwenye vita, wakafika Nakivale wawili tu na sufuria. Yudita akalima, akakusanya siagi kwa majirani wenye ng'ombe, akaipika samli, akaiuza, mtoto akakua. Na mtoto alipokuwa mtu mzima, mama yake hakumdai mengi. Alimdai jambo moja: aoe, na mke amlete pale pale kambini, mtaa wa Kabazana, mlango kwa mlango na mama. Binti mwenyewe alikwisha kupatikana, Uwamahoro wa kwaya, sauti kama filimbi na mikono isiyokaa bure. Yudita alikwisha kujenga chumba cha bwana na bibi harusi, matofali ya udongo, na juu mabati, siyo shitingi, yale maturubai ya msaada. Kila Jumamosi alikifagia, ingawa hakuna aliyelala humo kukichafua. Kilikosa kitu kimoja tu: pazia la dirishani.

Sasa turudi kwa yule bibi wa Kihindi, kwa sababu hapo ndipo moyo wa Yudita ulipopata kidonda.

Bibi huyo naye alikuwa mjane. Mabinti zake waliolewa ng'ambo, akabaki na kijana wake Nimesh na mke wa Nimesh, wote ghorofa moja, jiko moja, meza moja. Tangu siku ya kwanza alipopeleka samli pale, Yudita aliona jambo lililomkosesha usingizi. Kila asubuhi, kabla ya kushuka kufungua duka, Nimesh, mwanamume mzima mwenye ndevu na kitambi, alimwendea mama yake, akainama, akagusa miguu yake kwa vidole. Mama akamwekea mkono kichwani, akanong'ona baraka. Ndipo dume zima likashuka kwenda kazini.

"Mutoto mukubwa hivi!" Yudita aliwasimulia wanawake wenzake bombani, Kabazana. "Anauliza mama yake hata rangi ya shati. Huyu mama alimuchagulia masomo, akamuchagulia mwanamuke, sasa anamuchagulia fasi ya kulala. Na mutoto anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Aa, na weye wivu inakukamata," akasema mmoja.

"Wivu ya nini?" akajibu Yudita, na ndoo ya maji ikafurika bila yeye kuona.

Na kulikuwa na kichekesho alichokipenda kuliko vyote. Pale ghorofani bibi huyo walimwita Ba. Nimesh alimwita Ba, mkewe alimwita Ba, hata Gisa. Yudita alielewa kwamba ni kifupi cha Baba. "Juu ya ukali yake!" aliwaambia wenzake. "Ni yeye mwanaume ya ile nyumba, ndiyo maana banamuita Baba!" Bomba zima lilicheka. Wewe mshike hapo hapo huyo Ba, tutamhitaji.

Basi asubuhi hiyo Yudita alipanda ngazi za nyuma na ndoo yake. Mlango wa veranda ulikuwa wazi. Akamwona bibi ameketi kwenye kiti chake cha mbao, sari nyeupe, miguu imepangwa juu ya kibao. Nimesh akaja, akainama, akagusa, akabarikiwa, akaondoka. Hilo alikwisha kulizoea. Lakini nyuma ya Nimesh alikuwapo kijana mwingine mrefu, ametundika utepe wa kupimia shingoni. Kijana akainama. Akagusa miguu ile ile. Mkono ule ule ukashuka kichwani kwake.

Alikuwa Gisa.

Ndoo nusura imponyoke Yudita. Gisa aliponyanyuka akamwona mama yake mlangoni, uso ukamchangamka, akaja mbio kumkumbatia. Kwao Minembwe mtoto humshika mama yake mabega yote mawili, akamkumbatia na kukawia. Lakini Gisa alikuwa na robota la kitambaa kwapani, akamkumbatia kwa mkono mmoja.

"Mama! Umefika mapema."

"Nimefika saa ya kuona," akasema Yudita.

Gisa hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. "Ngoja nifungue duka, mama. Leo jioni nitakusindikiza mpaka kwa taksi. Iko neno nataka kukuambia." Akashuka ngazi mbili mbili. Kitambaa alichobeba kilikuwa cha kijani, kizito, chenye maua madogo ya dhahabu, na kilikwisha kushonwa pindo la juu. Pazia! Pamoja na uchungu wote ule, moyo wa Yudita ukaruka. Dirisha la chumba chake akaliona limevaa kijani. Hilo ndilo neno analotaka kuniambia, akawaza, na akaingia jikoni akiwa nusu amesamehe.

Jikoni alikuwamo Benitha, binti wa Kirundi, mtu wa Nakivale vilevile, anayepika kwa bibi. Alikuwa anakaanga pilipili, na machozi yanamtoka.

"Binti, hebu niambie," Yudita akaanza, akiweka ndoo mezani. "Huyu Baba yenu ameanza lini kubariki mutoto yangu?"

"Baba gani, mama?"

"Si huyu wa kiti. Ba, Ba, Ba, kutwa nzima."

Benitha akaachia mwiko, akacheka mpaka akashika ukuta. "Yooo, Mama Gisa! Ulidhani ni baba? Ba ni lugha yao. Ba ni mama."

"Mama ya nani?"

"Mama tu! Mama mzazi. Nimesh anamuita vile juu alimuzaa. Gisa akasikia, na yeye akakamata vile vile. Bibi anapenda sana. Mi namuita madamu, hanijibu haraka hivyo."

Pilipili ikakohoza jiko zima, na Yudita akapata sababu ya macho kumlowa. Kumbe kila siku ya kazi, tangu asubuhi mpaka jioni, mwanawe alikuwa anamwita mwanamke mwingine mama. Na yeye, mwenye mtoto, ndiye aliyekitangaza kichekesho hicho bombani!

Akajikaza. Akatafuta neno lingine la kujifariji. "Ile pazia ya kijani ni nzuri sana," akasema. "Gisa ana mukono. Itaenea dirisha ndogo?"

Benitha akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Ile? Si ya dirisha ndogo, mama. Ile inaenda Kamukuzi. Nimesh amepata nyumba kule kilimani, yeye na muke wake. Muke anataka jiko yake mwenyewe. Gisa ndiye anatundika mapazia, kidogo kidogo, na Ba hajui kitu. Watamuambia baada ya sikukuu yao ya taa. Usiseme, mama. Nakuomba kwa Yesu, usiseme."

"Mi niseme kwa nani?" akajibu Yudita.

Lakini miguu ilikwisha kumpeleka chini. Alimkuta Gisa nyuma ya marobota, anapima kitambaa, sindano midomoni.

"Gisa. Mama yako ni nani?"

Akatoa sindano. "Mama, maulizo gani haya?"

"Jibu."

"Ni weye."

"Na ile ya yulu, ya ghorofa?"

"Ni heshima tu, mama. Kwao ni salamu. Hata mafundi bananiona, banacheka, nawaacha bacheke."

"Mi nilikubeba mugongoni, miguu ikapasuka mpaka damu. Hii miguu hapa." Akavua kiatu kimoja, hapo hapo, katikati ya duka. Mteja mmoja akageuka kutazama vifungo. "Hii hukuinamia siku moja."

"Kwetu hatuinamie mutu, mama! Ni weye ulinifundisha. Ulisema mutu anapigia Mungu peke yake magoti. Pasta angeniona nakuinamia weye kule Kabazana angetufukuza wawili."

Hapo Yudita akapandisha sauti. "Bon! Umekuwa wakili. Wahindi bamekufundisha."

"Vaa kiatu, mama. Ngoja jioni. Nimesema iko neno nataka kukuambia, tutatembea pole pole, nitakuambia vizuri."

"Sitaki neno ya jioni. Hata pazia umenyima dirisha yako mwenyewe."

Gisa akamtazama bila kufahamu pazia limeingiaje. Mteja akaita bei ya vifungo. Yudita akavaa kiatu, akapanda tena ngazi kwenda kufuata ndoo yake.

Angeichukua tu akaenda zake, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini bibi alikuwa ameingia jikoni, amefungua mfuniko, amechovya kidole. Benitha alikuwa ametumwa sokoni.

"Mama Gisa," akasema bibi, macho ameyafumba, "hii ghee yako iko na harufu ya zamani. Hapana changanya kitu. Kuja, mimi onyesha wewe kitu."

Akamwongoza kwenye ukumbi wa nyuma, polepole, akijishika ukutani. Akafungua mlango. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kidogo cha mtoto kimesimama kando ya dirisha, godoro lake bado limevaa nailoni. Hakuna aliyelala humo.

"Hii ya watoto ya Nimesh," akasema. "Bado kuja, lakini takuja. Nimesh wangu hapana toka hapa. Nakula hapa, nalala hapa, watoto tazaliwa hapa. Baba yake alikufa hapa, yeye pia tazeeka hapa. Bibi yake mimi natafuta, yeye nasema, 'Ndiyo, Ba.' Basi."

Yudita alisimama kizingitini. Alikijua chumba kile. Alikuwa na cha namna hiyo hiyo Kabazana, kimefagiliwa vivyo hivyo, kinamngoja mtu vivyo hivyo. Kwa dakika moja roho yake ilitaka kulegea, imwambie yule bibi, hata mi, mama, hata mi niko nafagia. Lakini bibi hakuwa amemaliza.

"Na Gisa iko mtoto muzuri sana. Mimi nasema kwa yeye: ukioa, chukua vyumba mbili ya upande hii. Nakivale mbali. Bibi yake takuja saidia mimi jikoni. Mimi tafundisha yeye pika."

Uwamahoro! Uwamahoro wa kwaya, akoroge dengu kwenye jiko hili, na jiko la Kabazana lipoe! Kilichotoka kinywani mwa Yudita hakikuwa sauti yake ya kawaida. Kilikuwa kitamu, laini, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

"Mama Nimesh, tafuta mutu mwingine wa kulala humu. Mutoto yako ana nyumba Kamukuzi. Mapazia imekwisha kutundikwa."

Bibi hakugeuka. "Nani nasema?"

"Mbarara yote inasema. Ni weye peke yako haujui."

Tusimfichie. Kwa kitambo kidogo Yudita alisikia raha, raha ya mtu aliyetua mzigo juu ya kichwa cha mwingine. Bibi aliketi ukingoni mwa kile kitanda cha mtoto, nailoni ikalia chini yake. Hakulia yeye. Alianza kukunja pembe ya sari yake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, na Yudita akaona mikono ile, iliyombariki Gisa asubuhi, inatafuta kitu cha kushika. Raha ikamwisha. Akashuka ngazi za nyuma bila kuaga, bila ndoo, bila hata kumngojea mwanawe jioni.

Siku zikapita Kabazana, Yudita akilima kwa hasira. Bombani walimwuliza habari za Baba wa Kihindi, akasema hana habari. Hakupeleka samli tena; aliyotengeneza aliwauzia watu wa karibu. Kila boda iliyokata kona kuingia kwao ilimfanya anyanyue kichwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, boda ikakata kona na ilikuwa na Gisa. Alikuja na ndoo ya mama yake mkononi, imeoshwa. Akaiweka chini. Safari hii alimshika mama yake mabega yote mawili, akamkumbatia na kukawia, na Yudita akajua kwamba kuna jambo. Wakaenda kuketi kwenye kile chumba kipya, kwenye mkeka, kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni wa kanisani.

"Mama, nani alimuambia?"

"Ni mi."

"Nilijua." Hakukasirika, na hilo lilimuumiza mama kuliko makelele. "Nimesh amekwisha kuhama. Ba hakumukataza. Yeye mwenyewe alifunga masufuria, akampa muke wa Nimesh ile kubwa ya harusi yake mwenyewe. Benitha anapika, Ba anakula peke yake kwa ile meza. Nimesh anakuja kila siku saa ya chakula, anainama, anagusa, anakwenda. Ba anamubariki, lakini hamuulizi tena kitu."

Yudita akawa anang'oa nyuzi za mkeka. "Na ile neno ya jioni, ilikuwa neno gani?"

Gisa akatazama mabati. "Nilikuwa nataka kukuambia kwamba nimekataa vyumba vya Ba. Mi na Uwamahoro tulikuwa tumesikilizana, yeye akae hapa na weye, mi niwe nakuja kila mwisho wa juma. Nilikuwa nataka kukuambia mi mwenyewe, ufurahi."

"Ulikuwa," akasema Yudita. Neno hilo moja alilisikia vizuri kuliko yote.

"Mama, Nimesh alinipigia magoti. Si kuinama ya salamu, hapana. Magoti. Anasema, 'Gisa, nyumba iko kubwa, mama yangu akianguka usiku nani atasikia? Mi sitaki kurudi, muke wangu atanikimbia, lakini siwezi kumuacha na giza.' Nilimuangalia, mama, nikaona kama yeye ni mi, na mama yake ni weye." Akanyoosha mkeka kwa kiganja. "Nilikubali kukaa kwa Ba, mi na Uwamahoro."

Nje watu wa kanisani walikuwa wanacheka. Yudita akajiona alivyosimama kwenye kizingiti kile cha Mbarara na ulimi wake mtamu. Alikuwa ameifungua nyumba ya mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, mtoto wa mwenye nyumba akatoka, mtoto wake yeye akaingia. Angefunga mdomo mpaka jioni tu, angekuwa na mkwe jikoni.

"Uwamahoro anasema nini?"

"Anasema nitakakokuwa ndiko atakuwa. Lakini analia."

"Analia juu yangu?"

"Juu yako." Gisa akamsogelea. "Bado neno moja. Ba anasema uje na weye. Ukae na sisi. Iko fasi mingi, iko kile chumba cha mutoto, atatoa kitanda. Nilimuuliza, Ba, si ndiye alikuumiza? Akasema, 'Watoto yangu yote nadanganya mimi, mama yako peke yake nasema kweli.'"

Yudita akacheka kicheko kikavu. Kweli! Yeye aliyeisema kweli kwa nia ya kumchoma mtu, leo anaitiwa heshima. Afadhali yule bibi angemtukana. Tusi angelijibu. Sasa atajibu nini? Akienda, atamwona mwanawe kila siku, lakini atamwona chini ya dari ya mwanamke mwingine, akila alichopikiwa kwa ruhusa ya mwanamke mwingine, na Uwamahoro akiuliza chumvi iwe kiasi gani, atamgeukia mwenye jiko. Na hata wajukuu watalala kwenye kitanda kilichonunuliwa kwa ajili ya watoto wa Nimesh. Akibaki, atabaki na bustani yake, kanisa lake, watu wanaoongea lugha yake, na chumba hiki.

"Ni yeye kweli alisema nije," akauliza, "ao ni weye unaniombea fasi?"

"Ni yeye. Mi nilinyamaza. Niliogopa utasema hapana, na niliogopa utasema ndiyo."

Nje, mwenye boda akapiga honi. Alikuwa na abiria mwingine wa kufuata Rubondo na hakutaka kungoja. Gisa akasimama, akapangusa suruali, akainama kidogo ili kichwa kisiguse mabati ya mlangoni. Yudita alibaki ameketi kwenye mkeka, anautazama mgongo wa mwanawe kwenye mwanga.

"Anangojea jibu, mama. Nimuambie nini?"

Na wewe unayesoma, ungekuwa ndiye umeketi kwenye mkeka ule, na mwana huna mwingine, ungemtuma na jibu gani?